Dereva wa Kadi

Nilipouliza stendi, "Natafuta dereva,"
walinionyesha wanaume wanne waliokalia kreti za soda.
"Wa fuso au wa basi?"
Wa kadi, nikasema.
"Kadi ya mchango? Nani anaoa?"
Nikacheka nao, nikarudi Isevya kwa miguu,
kadi yangu mfukoni, nimeivika soksi safi.

Ni ya kijani, ndefu kama kitana cha saluni,
meno yake ya dhahabu yamefifia upande mmoja.
Imetoka tumboni mwa kompyuta ya ghala la asali,
mashine ya mwaka tisini na tatu, nzito kama jiwe la kusagia,
ambayo kazi yake ni moja: kuuliza mizani
ndoo hii kilo ngapi, na kuandika.
Betri ilipokufa, ikasahau.
Inawaka, inahesabu kumbukumbu zake, inalia pii mara moja,
kisha inasema haijui mizani ni kitu gani.

Bi Kalekwa, karani, hunipigia kabla sijanawa uso.
"Warina wameshafika toka Sikonge, ndoo themanini uani,
na siafu wamepata habari."

Namba ya kadi ilikuwa chini ya stika ya ukaguzi.
Nikaikwangua kwa ukucha, kwa mafuta ya taa:
herufi mbili, tarakimu tano, na ya sita nusu.
Tatu au nane?
Jamaa yangu wa Mwanza akasema tatu.
Mwalimu wake, mstaafu wa Morogoro, mfuga sungura,
akasema nane, halafu akasema,
"Vitu hivyo tulivichoma mwaka elfu mbili, na vitabu vyake."
Kwenye simu nilisikia sungura wakitafuna.

Aliyeifunga kadi ni marehemu Maulidi Kasubi.
Mjane wake yuko Kiloleni.
Flopi alikuwa nazo: tatu, chini ya mguu wa kabati linaloyumba.
Nikampa kipande cha mninga badala yake.
"Na kitabu?"
Akawaita wajukuu.
Kitabu kilikuwa kimeshakwenda shule.
Kurasa za kwanza zilifunika daftari la Hisabati,
jedwali la anwani lilikuwa Jiografia,
na mchoro wa jampa, ule niliokuwa nikiuota,
ulivaliwa na Maarifa ya Jamii, darasa la nne.
Jina: Tatu Rajabu.
Namba ya kadi, ukurasa huohuo: nane.
Nilinunua majalada mapya ya kaki. Tatu akadai na pipi.

Usiku flopi ya kwanza ilisomeka.
Ya pili ikakoroma, ikasomeka.
Ya tatu niliipangusa kwa spiriti,
nikaitukana, nikaiomba radhi,
ikanitemea faili moja, dereva mwenyewe,
mdogo kuliko picha ya pasipoti.

Ndipo nikaunyoosha mchoro chini ya taa.
Pembeni, kwa penseli, mwandiko uliolala:
*Jampa ya nne ikiwa wazi, ndoo inapungua kilo mbili.
Niliagizwa niiache wazi. M.K.*

Hakuandika na nani.
Jampa ni kitu kidogo, kama jino la mtoto.
Nilikaa nayo kiganjani mpaka treni ya Kigoma ikapiga honi.
Kilo mbili, mara ndoo themanini, mara misimu...
nikaacha kuhesabu.
Nikaichomeka.

Asubuhi mizani ikaamka.
Ndoo ya kwanza, ya Nkwabi, shati lake bado linanuka moshi:
ishirini na saba.
"Nkwabi hajawahi kupita ishirini na tano," alisema Bi Kalekwa.
Akaishusha. Akaipandisha.
Ishirini na saba.
Akanitazama mimi, si mashine.
"Fundi, umeiharibu mizani."

Nyuma yake Nkwabi alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole,
taratibu, akirudi nyuma,
mwaka hadi mwaka.